Maji Yameenda Wapi?

Leo tuzungumze juu ya ile taa yenye picha ya kipimajoto kilichochovywa kwenye mawimbi. Iko kwenye dashibodi ya gari lako siku zote, ila huioni mpaka iwake, na ikiwaka haichagui siku. Utakuta umevaa nguo ya harusi, uko katikati ya foleni ya Ubungo, na nyuma yako daladala linakupigia honi kana kwamba foleni umeileta wewe.

Wenye Volkswagen zile za zamani, za mgongo wa kobe, wanaweza kwenda kuchemsha chai, mazungumzo haya hayawahusu. Injini yao inapozwa kwa upepo, haina rejeta wala tone la maji. Bodaboda nyingi ni hivyo hivyo. Sisi wengine tubaki hapa.

Kwanza tujue tunazungumzia taa ipi, maana si moja. Magari mengi madogo ya Kijapani tunayoyanunua yakiwa yametumika, Vitz au Passo kwa mfano, hayana mshale wa kuonyesha joto. Yana taa ya bluu na taa nyekundu. Ya bluu huwaka asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ikazimika baada ya mwendo mfupi. Hiyo haina ubaya wowote. Inakuambia tu kwamba injini bado haijapata joto lake, kwa hiyo usikanyage mafuta kwa pupa. Nyekundu ndiyo kesi. Inasema joto limepita kiasi. Sasa nenda kwenye magari ya Ulaya, Volkswagen, BMW, Mercedes: mengi yamewekewa sensa ndani ya kopo la akiba la maji, na kazi yake ni kupima kimo cha maji, si joto. Kwa hiyo mwenye Golf anaweza kuona taa ikimetameta huku injini iko kwenye joto la kawaida kabisa. Anaambiwa maji yameshuka, atafute nafasi aangalie. Mwenye Vitz hakupewa hatua hiyo ya kati. Kwake yeye taa ikiwa nyekundu, madhara yanaweza kuwa yameshaanza.

Kuna jambo hapa ambalo limeua injini nyingi, na hata madereva wa siku nyingi hawalijui. Ile sensa ya joto imeundwa ikae ndani ya maji. Maji yakimwagika yote, sensa inabaki inaning'inia kwenye hewa na mvuke, haina cha kupima. Kwenye gari lenye mshale wa joto, mshale huo unaweza kushuka. Ndiyo maana mara kwa mara gereji utamsikia mtu akisema: mshale ulipanda ukafika juu, nikaogopa, halafu ukashuka wenyewe, nikashukuru Mungu, nikaendelea na safari. Haukushuka kwa sababu injini imepoa. Ulishuka kwa sababu maji yameisha, na zile kilomita za shukrani ndizo zilizopinda silinda hedi. Mshale ukipanda ghafla kisha ukaporomoka hali gari liko kwenye mwendo uleule, simama.

Na kusimama kwenyewe kuna namna yake. Zima kiyoyozi. Kama huwezi kusimama papo hapo, labda uko juu ya daraja au kwenye kona mbaya, fungua hita mpaka mwisho wa joto na feni yake mpaka mwisho wa nguvu, shusha vioo vyote. Utatoka jasho la kutosha, lakini hita ni rejeta ndogo iliyojificha ndani ya dashibodi, na joto linalokuchoma wewe ni joto lililotoka kwenye injini. Ukipata nafasi, egesha, zima injini, fungua boneti, halafu kaa mbali. Usiguse mfuniko wa rejeta.

Hili la mfuniko nitalirudia mpaka mnichoke. Usome siku injini ikiwa baridi. Kwenye magari mengi umeandikwa 0.9 au 1.1. Ni kiasi cha mgandamizo ambao mfuniko unauzuia ndani, karibu sawa na kuongeza uzito mwingine wa hewa yote inayotukalia juu ya ardhi. Maji yaliyobanwa kiasi hicho hayachemki kwa nyuzi 100. Yanaweza kufika karibu 120 yakiwa bado maji. Ukifungua mfuniko, mgandamizo unatoka mara moja, na maji ya nyuzi 115 yanagundua kwamba yalipaswa kuwa mvuke zamani. Sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na maji yanaruka pamoja nao usoni na kifuani pako. Waliochomwa hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka. Ngoja nusu saa, ikibidi zaidi. Shika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, ubinye: ukiwa bado mgumu, ndani bado kuna mgandamizo. Ukilegea, ndipo uweke kitambaa kizito juu ya mfuniko, uzungushe mpaka kituo cha kwanza, uuache upumue, kisha umalizie.

Kwa ndugu zetu wa nyanda za juu, hesabu hii ni kali zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gari lenye mfuniko uliochoka linaweza kuhimili pale Dar es Salaam, likafika Limuru likaanza kutoa mvuke. Mwenyewe atalaumu mlima.

Haya. Gari limepoa, umefungua, umekuta maji yamepungua. Hapo ndipo kila mmoja wetu hufanya jambo lilelile: anatafuta chupa, anatia maji, anawasha, anaondoka. Kesho kutwa taa inawaka tena, anatia tena. Nawajua watu wanaotembea na dumu la lita 5 kwenye buti mwaka mzima na wanaliona kuwa sehemu ya gari, kama tairi la akiba. Mimi nasema dumu hilo ni ushahidi. Mfumo wa maji wa gari umefungwa pande zote. Gari dogo lina lita 4 au 5 hivi ndani yake, na maji hayo hayatumiki kama petroli. Gari zima linaweza kukaa miezi mingi kimo kisishuke kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo yakipungua, yametoka, na yametokea mahali. Kutia maji bila kutafuta mahali hapo ni kuahirisha.

Yanatokea wapi? Anza usiku. Tandika kadibodi kavu chini ya injini, lala. Asubuhi itazame kabla hujawasha. Alama ikiwa mbele kabisa, chini ya bampa, mshuku rejeta au mpira wake wa chini. Ikiwa upande wenye mikanda, ishuku pampu ya maji. Lakini usikimbilie fundi kwa kila tone: kiyoyozi nacho hudondosha maji, mara nyingi usawa wa miguu ya abiria wa mbele. Hayo ni meupe, hayatelezi vidoleni, hayana harufu. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ina rangi, inateleza, ina harufu ya utamu fulani. Ukiisikia harufu hiyo ndani ya gari, kioo cha mbele kinafanya ukungu wenye mafuta, na kapeti ya abiria imelowa, basi kinachovuja ni ile rejeta ndogo ya hita. Hiyo ni kazi ya kufumua dashibodi, na fundi akikutajia bei ya kukutisha, safari hii hajakuonea.

Mara nyingi lakini kadibodi inaamka kavu, kwa sababu uvujaji mwingine hutokea gari likiwa na joto na mgandamizo tu, na tone likikutana na chuma cha moto linakauka kabla halijafika chini. Hapo ndipo unapoona tofauti ya fundi na fundi. Yuko mmoja, mtu mzima, haongei sana, ambaye hufika na tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Anapitisha kioo nyuma ya puli ya pampu ya maji, mahali ambapo jicho haliwezi kufika, anakiinamisha taratibu, anamulika. Chini ya mhimili wa pampu kuna tundu dogo, halizidi upana wa njiti ya kiberiti. Wenye kutengeneza pampu waliliacha makusudi: sili ya ndani ikianza kufa, maji yatokee hapo, yasiingie kwenye beringi. Na kutoka kwenye tundu hilo, kwenye kioo chake, unaona mchirizi uliokauka, rangi ya waridi iliyofifia, umeganda mfano wa chumvi kwenye ukuta wa kisima. Hakuna hata tone. Lakini pampu imeshasema kila kitu, na anaweza kukuambia ununue pampu bila kukisia. Mafundi wa mtindo huo wana kifaa kingine pia, pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko. Unajaza mgandamizo injini ikiwa imezimwa na baridi, mpaka ile namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, halafu unatazama mshale wake. Ukikaa, mfumo mzima. Ukishuka, sikiliza na utazame, maana sasa kitavuja mbele yako. Muulize fundi wako kama anacho. Si kifaa cha anasa.

Mfuniko wenyewe nao ni mtuhumiwa, na ndio spea ya bei ndogo kuliko zote katika orodha hii. Una vali mbili: moja inaruhusu maji yaliyotanuka yaende kwenye kopo la akiba, nyingine ndogo inayafyonza kuyarudisha injini ikipoa. Vali hii ya pili ikifa, maji yanatoka hayarudi. Utaona kopo la akiba limejaa mpaka shingoni, unaridhika, kumbe rejeta yenyewe ina upungufu. Ndiyo sababu mtu anayekagua kopo tu kila asubuhi hajakagua kitu. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yanatakiwa yaonekane hapo shingoni, si chini.

Halafu kuna maji yanayopotea bila kuonekana popote, si chini, si kwenye kapeti, si kwenye kioo cha fundi. Hayo yameingia ndani. Gasketi ya silinda hedi imeungua, na maji yanapita ama kwenye chumba cha moto yakatoka na moshi, ama kwenye oili. Moshi unakuwa mweupe mzito, wenye harufu tamu, na haukomi hata injini ikishapata joto. Oili kwenye dipstiki inageuka rangi ya chai ya maziwa, ingawa usingojee dalili hiyo, kwa sababu gasketi nyingi huungua bila maji na oili kukutana. Dalili ninayoiamini zaidi ni hii: washa gari asubuhi, bado baridi, na baada ya dakika moja au mbili shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa umeshakuwa mgumu kama jiwe wakati maji bado hayajapata moto, basi kilichoukaza si joto. Ni gesi ya mlipuko inayopenya kutoka kwenye silinda. Kuna dawa ya bluu ya kupima hilo. Inawekwa kwenye chupa juu ya shingo ya rejeta, na ikikutana na gesi ya injini ya petroli inageuka njano. Ikigeuka, mjadala umekwisha, hedi inafunguliwa. Na ikifunguliwa, usikubali kuwekewa gasketi mpya juu ya hedi ambayo haijapimwa unyoofu na kusawazishwa kwa mashine. Hedi nyingi ni za alumini. Zikipata joto la kupita kiasi zinapinda, na gasketi mpya juu ya uso uliopinda itadumu muda wa kutosha wewe kumlipa fundi.

Tugeuze upande wa pili. Umefungua, maji yapo, yamejaa mpaka shingoni, na bado taa inawaka. Hapo swali linabadilika: inawaka lini?

Jirani yangu mmoja, mwalimu, ana gari dogo analoendea shule. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kwenye foleni tu. Akifika barabara iliyo wazi, inazimika yenyewe. Gereji ya kwanza wakamwongezea maji, ingawa hayakuwa yamepungua. Gereji ya pili wakamtolea thamostati, tutaifikia hiyo, wakampa mkononi kama zawadi. Taa ikaendelea. Aliyemaliza tatizo ni kijana ambaye hakugusa spana kwanza. Alimuuliza maswali mawili: inawaka ukiwa umesimama au unatembea? Na ukiwasha kiyoyozi, feni ya mbele inazunguka? Wakawasha kiyoyozi, wakatazama. Kimya. Kijana akafungua sanduku la fyuzi, akachomoa rilei ya honi, akaipachika mahali pa rilei ya feni, kwani kwenye gari lile zilikuwa za aina moja. Feni ikazunguka papo hapo. Rilei tu. Mwalimu alikuwa ameshalipa gereji mbili kwa kuongezewa maji yasiyopungua na kuondolewa kitu kizima.

Hilo swali la lini lina nguvu kuliko mashine nyingi. Gari likipata joto limesimama na kupoa likitembea, upepo ndio haupo, kwa hiyo tafuta feni: fyuzi, rilei, mota, waya, au yale makaa ya ndani ya mota yaliyokwisha. Gari likienda vizuri mjini lakini likichemsha kwenye kasi au kwenye mlima, kama pale Kitonga unapotoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa na mzigo nyuma, upepo upo, ila maji hayapoi au hayapiti: rejeta imeziba, au pampu imelika mapanga. Kuziba kwenyewe kunaweza kuwa nje tu, vumbi, tope na wadudu waliokaa kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, na hapo dawa ni maji ya bomba yanayopigwa taratibu kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa nguvu zote, itakunja yale mapezi laini. Na gari likichemsha mapema, kilomita chache tu baada ya kuwasha, huku mpira wa juu unaunguza na wa chini bado baridi, thamostati imeng'ang'ania kufungwa.

Hapa niseme wazi ugomvi wangu na gereji zetu. Thamostati kwetu imefanywa mwizi wa kila kesi. Gari limechemsha, toa thamostati. Gari halijachemsha, toa tu, nchi ya joto hii, ya nini? Nimeona magari yaliyotoka Japani nayo, yakakaa nayo wiki moja nchini.

Thamostati ni mlango. Ndani yake kuna kidonge cha nta; nta ikipata joto inatanuka na kusukuma mlango ufunguke, ikipoa springi inaufunga. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Ukitaka kumhukumu, usimhukumu kwa kuangalia. Mfunge uzi, mning'inize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, asiguse chini, na utumbukize kipimajoto pembeni. Namba ya joto la kufungukia imegongwa juu ya thamostati yenyewe. Maji yakifika hapo utamwona anaanza kufungua mdomo, polepole sana, na yakikaribia kuchemka atakuwa amefungua wazi. Mtoe, mweke mezani, atafunga mbele ya macho yako. Akifanya hivyo ni mzima, mrudishe kazini. Asipofanya, mpya atanunuliwa, lakini kiti chake hakikai wazi.

Kwa nini kisikae wazi? Kwanza, injini inayokimbia ikiwa baridi inakula mafuta. Kompyuta ya gari inaona joto halijafika, inaendelea kumwaga petroli kama asubuhi, na siku ukipima kwa skana utakuta namba P0128, maana yake joto la maji haliifikii kawaida. Watu wanalalamika gari linakunywa, na thamostati yao iko kwenye droo ya fundi. Pili, na hili ndilo linalowashangaza wengi: kwenye injini nyingi thamostati ina kazi mbili. Ikifungua njia ya rejeta, sehemu yake ya nyuma inaziba njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta. Siku ya kawaida hutagundua. Siku ya mlima na mzigo, gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe ndilo litakalochemsha.

Ndugu wa ugonjwa huu ni feni kuungwa moja kwa moja, ikawa inazunguka tangu ufunguo unapogeuzwa mpaka unapotolewa. Nayo ni namna ya kuficha sensa mbovu au rilei mbovu. Mota ya feni inachakaa mapema, na ule waya wa ziada mara nyingi umepitishwa bila fyuzi, karibu na chuma cha moto. Sitaki hata kufikiria.

Sasa maji yenyewe. Nimebishana na watu wengi wanaosema kulanti ni ya Wazungu wenye barafu. Kweli, kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, na sisi hatuhitaji hilo, labda uwe unaegesha kileleni Kilimanjaro. Lakini mchanganyiko huohuo unachemka juu zaidi ya maji matupu, na, kubwa kuliko yote, una dawa za kuzuia kutu. Ndani ya injini na rejeta kuna alumini na chuma, na kwenye rejeta za zamani shaba na risasi ya lehemu, vinaoga pamoja katika maji ya moto. Visipolindwa vinalana. Kutu inakwenda kukaa kwenye mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko mrija wa soda. Maji ya kisima ni mabaya zaidi. Visima vingi vya Dar es Salaam na mwambao wote vina chumvi. Mtu anaionja kwenye chai, kisha hayohayo anayatia kwenye rejeta. Mara moja kwa dharura barabarani, tia chochote kilicho safi, hata maji ya kunywa ya chupa, ufike. Kisha yatolewe. Kwa matumizi ya kudumu, changanya kulanti na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, na hapa kuwa macho: hakikisha ni maji, si asidi ya betri, kwa maana madukani vinakaa rafu moja.

Kuhusu rangi, usinunue rangi. Kijani, nyekundu, waridi, bluu ni uamuzi wa kiwanda, na viwanda havikukaa kikao. Soma chupa inasema inafaa gari gani, na kama ni ya kuchanganya au imeshachanganywa. Ile ya waridi ya Toyota, kwa mfano, huja tayari, huiongezei maji. Yenyewe imepangiwa kubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Gari lililofika kwetu na kilomita 120,000 kwenye dashibodi, wewe huna uhakika na 120,000 hiyo. Badilisha tu. Na ile ya zamani isikae kwenye beseni uani: utamu wake unavutia mbwa na watoto, na ni sumu inayoua figo. Iliyobaki kwenye kopo pia, funga, weka juu.

Nilisema magari ya Ulaya yana sensa ya kimo. Zipo zenye vijiti viwili vya chuma ndani ya kopo, vinavyotegemea maji yapitishe umeme kati yake. Vikifunikwa na uchafu, taa inawaka na maji yamejaa. Kabla ya kununua kopo jipya, chomoa soketi uiangalie kama ina kutu, safisha kopo ndani, jaribu. Na sensa ya joto kwenye gari lolote inapimwa kwa mita ya fundi umeme: kwenye Toyota nyingi, ikiwa baridi ya nyuzi 20 ukinzani wake ni karibu omu 2,500, na kwenye nyuzi 80 unashuka karibu omu 300. Fundi anayekuambia sensa imekufa bila kukuonyesha namba yoyote, anakisia kwa hela yako.

La mwisho kwa leo, baada ya matengenezo. Maji mapya yakitiwa, hewa hubaki imejibana juu ya injini, na pale penye hewa hapapoi. Kwa hiyo hita ifunguliwe kwenye joto, pua ya gari iwe juu kidogo kama kuna mteremko, kama kuna skrubu ya kutolea hewa ilegezwe, maji yatiwe polepole, injini iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe na feni iwake na kuzimika yenyewe walau mara moja. Fundi akikukabidhi gari kabla feni haijawaka, mwambie asubiri. Asubuhi ya pili, kabla hujaenda popote, fungua rejeta. Kimo kikiwa kimeshuka kidogo, ni hewa iliyotoka. Jazia, weka alama ya kalamu kwenye kopo la akiba, andika tarehe. Baada ya wiki itazame alama. Ikiwa maji yameshuka tena, rudi gereji ileile ukiwa na hiyo tarehe, na dumu lako liache nyumbani.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya breki zinazopiga kelele.